NANI ALIYELIPA GHARAMA YA RELI?

(Maneno ya mfanyakazi wa reli mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Tumeyapiga chapa kwa faida ya wale ambao zamu zao hazikuwaruhusu kufika.)



Halmashauri ya tawi imenitaka niseme juu ya ubeberu wa Wazungu: ulitokana na nini, ulikuja kwa namna gani, na ulituachia nini. Mimi si mwalimu. Nilisoma shule ya misioni mpaka darasa la nane, na tangu hapo nimesomeshwa na reli. Kwa hiyo sitawazungusha dunia nzima. Nitaushika mfano mmoja ambao kila mtu hapa anaujua kwa mikono yake, nao ni reli ya zamani itokayo Mombasa mpaka Kisumu.

Nimeuchagua kwa sababu kuna maneno yanayosemwa sana katika karakana na katika mabehewa. Husemwa hivi: "Sema utakalo juu ya mkoloni, lakini alituletea reli." Wengi wanaoyasema ni watu wema. Lakini maneno hayo yana kazi yake. Mfanyakazi akidai haki, huambiwa ashukuru kwanza. Basi leo tuyapime. Mtu akikuambia amekupa zawadi, unayo haki ya kuuliza ilinunuliwa kwa jasho la nani.

Neno lenyewe mnalijua. Beberu ni mbuzi dume. Akiingia katika zizi lisilo lake huwasukuma wengine kwa pembe, hula mbele, na kujifanya mwenye zizi. Watu wetu walioliita taifa linalotawala taifa jingine kwa jina hilo hawakukosea.

SABABU ZAKE

Sababu ya kwanza ni viwanda. Katika karne ya 19 Uingereza ilikuwa na viwanda vingi vya nguo, hasa katika jimbo la Lancashire. Pamba haioti Uingereza. Sehemu kubwa ilitoka Marekani, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea huko, mwaka 1861 mpaka 1865, pamba ikakatika na wafanyakazi wa Lancashire wakalala njaa. Wenye viwanda wakajifunza kwamba si salama kutegemea shamba moja. Walitaka mashamba mengine ya pamba, na walitaka pia watu wengi zaidi wa kuinunua nguo ikiisha kufumwa. Pamba ya Uganda, iliyoanza kulimwa kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo mwaka 1903 na 1904, ilivushwa ziwa kwa stima, ikapakiwa katika mabehewa yetu hapo Kisumu, ikaenda zake Mombasa.

Sababu ya pili ni mashindano. Ujerumani iliungana kuwa dola moja mwaka 1871, nayo ikataka makoloni kama wenzake. Wajumbe wa dola 14 walikutana Berlin kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 mpaka tarehe 26 Februari 1885. Mwafrika hata mmoja hakualikwa mezani. Wengine husema kwamba mipaka yote ilichorwa pale. Si kweli. Kilichofanyika pale ni kukubaliana kanuni, kwamba anayedai sehemu ya pwani ya Afrika awaarifu wenzake na aonyeshe kuwa anaitawala kweli. Kanuni hiyo ndiyo iliyowatia watu mbio. Upande wetu huu Waingereza na Wajerumani waliugawana kwa mapatano ya mwaka 1886 na ya mwaka 1890. Sultani Barghash wa Zanzibar, ambaye bendera yake ilikuwa inapepea pwani, aliachiwa ukanda wa upana wa maili 10.

Sababu ya tatu ni njia ya India. India ndiyo iliyokuwa ghala la Mwingereza. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, njia ya meli kwenda huko ikawa fupi, na mwaka 1882 Waingereza wakaingia Misri kwa jeshi. Sasa Misri huishi kwa maji ya Nile, na Nile hutoka katika ziwa letu la Nyanza. Mabwana wa London waliogopa kwamba dola nyingine ikiishika chemchemi hiyo, itaishika Misri shingoni. Ndiyo sababu walitaka Uganda, na ndiyo sababu njia yetu iliitwa Reli ya Uganda. Kisumu yenyewe ilihesabiwa kuwa Uganda mpaka mwaka 1902. Nchi iliyo katikati, ambayo leo ndiyo Kenya, katika hesabu zao ilikuwa ni njia tu ya kupitia.

Sababu ya nne ndiyo ile waliyoitangaza kwa sauti kubwa: kuondoa biashara ya watumwa na kueneza dini. Hapa nataka kusema kwa uangalifu, maana mimi ni mtoto wa misioni. Biashara ya watumwa ilikuwa uovu wa kweli. Soko lao la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na walikuwako watu waliouchukia utumwa kwa moyo wao wote. Katika mkutano wa Brussels wa mwaka 1889 na 1890 dola zilisema kwamba reli itakuwa silaha ya kuukomesha. Vema. Tazameni basi tarehe. Serikali ya Uingereza ilianza kutawala hapa mwaka 1895. Treni ilifika Kisumu mwaka 1901. Lakini sheria ya kuufuta utumwa katika pwani yetu ilikuja mwaka 1907. Miaka 12 bendera inapepea, miaka 6 treni inapiga honi, na mtumwa wa pwani bado ni mtumwa. Mtu akikuambia amekuja kuzima moto, kisha akajenga jikoni kwanza, unajua amekuja kufanya nini.

Waliosoma Biblia watakumbuka habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme alilitamani kwa sababu lilikuwa karibu na nyumba yake. Kulichukua wazi wazi kulikuwa aibu. Basi zikaandikwa barua, zikatiwa muhuri, wakatafutwa mashahidi, na jambo likawa la kisheria. Tamaa ilitangulia, sheria ikafuata nyuma. Huo ndio mwendo wa ubeberu.

NAMNA ZAKE

Ndugu zangu, ubeberu hubadili koti. Anayelijua koti moja tu hataujua ukija umevaa jingine.

Koti la kwanza hapa kwetu lilikuwa kampuni. Mwaka 1888 William Mackinnon na wenzake walipewa hati ya malkia kwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Kampuni ilipewa kazi ya serikali: kutoza ushuru, kuweka askari, kufanya mapatano. Ilipata hasara, ikashindwa, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi mikononi mwake. Koti la pili likawa himaya, maana yake nchi inayolindwa. Mwaka 1920 himaya ikageuzwa kuwa koloni, isipokuwa ule ukanda wa Sultani. Watu ni wale wale, mashamba ni yale yale, jina tu limebadilika. Kule Kongo koti lilikuwa jingine tena: nchi nzima ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Ubelgiji, tangu 1885 mpaka 1908. Watu walilazimishwa kuleta mpira wa msituni, na waliokosa kutimiza kipimo waliteswa na kuuawa.

Liko koti jingine ambalo halina bendera, nalo ni deni. Misri haikuanza kutawaliwa kwa bunduki. Mtawala wake, Ismail, alikopa kwa mabenki ya Ulaya ili ajenge mifereji, reli na majumba. Deni likamshinda. Mwaka 1875 aliiuzia serikali ya Uingereza hisa zake za Mfereji wa Suez kwa pauni milioni 4 hivi. Mwaka 1876 Mwingereza na Mfaransa wakawekwa kuzisimamia fedha za Misri. Mwaka 1882 jeshi likaja. Kutoka kuuza hisa mpaka kutawaliwa ni miaka 7. Liwekeni hilo akilini, nitalirudia.

JINSI RELI ILIVYOJENGWA

Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896. Njia ilifika Nairobi mwaka 1899, mahali pa maji baridi ya Wamaasai, na ikafika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Ni maili 582. Iligharimu zaidi ya pauni milioni 5, na fedha hizo za kwanza zilitoka katika hazina ya Uingereza. Nasema hivi kwa sababu mtu mwaminifu lazima aseme pande zote mbili. Fedha hizo zilikuwa kodi za watu, na mmoja wao ni mfanyakazi wa Manchester au Glasgow, ambaye hakuulizwa, na ambaye hakupata ekari moja ya Nakuru.

Lakini fedha hazilazi mataruma. Waliletwa watu karibu 32,000 kutoka India, wengi wao wa Punjab, kwa mkataba. Pamoja nao walikuwako Waafrika wa kufyeka na kubeba. Katika wale Wahindi, karibu 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na taabu, na zaidi ya 6,000 wengine walirudishwa wakiwa wagonjwa au wamelemaa. Gawanyeni wenyewe: ni zaidi ya watu 4 kwa kila maili moja. Kila mtoto wa shule amesikia habari za simba wawili wa Tsavo wa mwaka 1898, na simba wale wamewekwa katika jumba la makumbusho Marekani. Homa na kuhara ziliua watu wengi kupita simba, wala hazikupata sifa hiyo. Sisi tunaopita Voi na Tsavo usiku tukumbuke kwamba tunapita juu ya wenzetu.

Wenye nchi nao hawakukaa kimya. Wanandi walipigana na utawala ule tangu mwaka 1895 mpaka 1905. Waya za simu na chuma cha reli walivichukua wakafanya mapambo na silaha. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipigwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905 na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, mahali walipokutana kwa mazungumzo ya amani. Baadaye Wanandi waliokaa karibu na njia ya reli wakahamishwa.

MABEHEWA YALIYOFUNGWA PAMOJA

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo gharama ilipobadili mkono.

Treni ilipofika Kisumu, wakubwa walikuwa na swali moja: itabeba nini? Reli isiyo na mizigo hula hasara kila siku. Sir Charles Eliot, aliyekuwa mkuu wa nchi tangu 1900 mpaka 1904, alijibu kwamba waletwe masetla, wapewe ardhi kando ya njia, walime mazao ya kuuza ng'ambo, na reli ijilipe. Kutokana na jibu hilo yakafungwa mabehewa moja baada ya moja.

Behewa la kwanza ni ardhi. Sheria ya mwaka 1902 iliifanya ardhi kuwa ya Mfalme, naye akaigawa. Sheria ya mwaka 1915 ilimruhusu setla kukodi shamba kwa miaka 999. Wamaasai walifanya mapatano mwaka 1904, wakaziacha nchi za Naivasha na Nakuru ambako reli inapita. Waliahidiwa kwamba mapatano yatadumu maadamu wao wako duniani. Yalidumu miaka 7. Mwaka 1911 wale waliohamishiwa Laikipia wakaambiwa wahame tena. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 wakaambiwa kwamba mapatano yale ni kama ya dola na dola, kwa hiyo mahakama haina uwezo wa kuyaamua. Siku ya kuchukuliwa ardhi walikuwa raia wa kuamrishwa. Siku ya kudai wakawa dola ya kigeni!

Behewa la pili ni kodi. Setla ana ardhi lakini hana mikono ya kuilima. Mwafrika ana mikono, lakini ana shamba lake na mbuzi wake, wala hana haja ya mshahara. Atatokaje nyumbani? Mwaka 1901 ikaja kodi ya kibanda, na mwaka 1910 kodi ya kichwa. Kodi ilitakiwa kwa rupia, na rupia haioti shambani. Ilimpasa mtu aende palipo na rupia.

Behewa la tatu ni kipande. Kodi humtoa mtu nyumbani, lakini haimzuii kumwacha bwana mbaya na kwenda kwa bwana mwema. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikatumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika alichukuliwa alama za vidole, na karatasi yake ikaandikwa jina la bwana wake na mshahara wake, ikatiwa katika kibati cha kuning'inizwa shingoni. Aliyeondoka bila kutiwa sahihi alikuwa mhalifu.

Behewa la nne ni kahawa. Mtu angeweza kupata rupia za kodi kwa kulima kahawa kwake. Lakini kwa miaka mingi Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kuilima. Ruhusa ndogo ilianza miaka ya 1930 katika sehemu chache, na mlango ulifunguliwa hasa baada ya mwaka 1954. Angekuwa na kahawa yake, nani angechuma ya setla?

Tazameni jinsi mabehewa haya yanavyovutana. Ardhi ilitaka mikono, kodi ikaitoa mikono nyumbani, kipande kikaishika, na katazo la kahawa likaizuia isirudi. Mbele yake kuna injini moja: reli lazima ijilipe. Basi nani aliyelipa? Hazina ya London ililipa mara moja. Mkulima na kibarua wa nchi hii walilipa kila mwaka, kwa zaidi ya miaka 60, na watoto wao wakaendelea.

MATOKEO YAKE

Tokeo la kwanza ni umbo la njia yenyewe. Itazameni ramani. Njia zetu zinatoka bara kwenda bandarini. Matawi ya Thika, Kitale na Nanyuki yalifuata mashamba ya masetla. Si hapa peke yake. Nchini Tanzania, reli ya kati waliyoianza Wajerumani ina upana wa milimita 1,000. Reli za kusini mwa Afrika zina milimita 1,067, na TAZARA, iliyojengwa mwaka 1970 mpaka 1975 ili kuiunganisha Zambia na Dar es Salaam, ilibidi ifuate kipimo hicho cha kusini. Tofauti ni milimita 67, karibu upana wa vidole vinne. Kwa ajili ya vidole vinne hivyo, behewa la njia moja haliwezi kupita juu ya njia ya pili, na mzigo hushushwa na kupakiwa upya. Mabeberu wamekwenda zao, lakini vipimo vyao bado vinatuamuru.

Tokeo la pili ni kugawanywa kwa wafanyakazi. Mzungu aliwekwa juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini; kila mmoja na mshahara wake, nyumba yake na hata choo chake. Jambo hili liliandikwa kama kanuni. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilishauri kwamba mtumishi wa serikali asiye Mzungu, akiwa na kazi ile ile na ujuzi ule ule, apate tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu. Ni senti 60 kwa kila shilingi. Kanuni hiyo ilifutwa baada ya Tume ya Lidbury ya mwaka 1954. Kazi ya kanuni kama hiyo ni mbili: kupunguza gharama, na kumfanya fundi amwogope kibarua badala ya kumwuliza mwajiri.

Tokeo la tatu halikuwamo katika mipango yao. Reli ilitukutanisha. Mluo, Mkamba, Mkikuyu, Mtaita, Mluhya na Mpunjabi walijikuta katika karakana moja, wakila vumbi moja. Mwaka 1921 masetla walipopatana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja, Harry Thuku alisimama kupinga hilo pamoja na kipande na kodi. Alikamatwa mwezi wa Machi 1922, na watu zaidi ya 20 waliokwenda kumdai Nairobi wakauawa kwa risasi. Mwezi wa Januari 1947 watu kama 15,000 wa Mombasa, wa gati, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, walitua kazi zao kwa karibu majuma mawili. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka ule ule akapelekwa kizuizini Kabarnet. Mwezi wa Aprili 1950 Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab walikotoka wengi wa wale waliolaza mataruma, alisimama Nairobi akataka uhuru wa Afrika Mashariki yote. Mwezi wa Mei alikamatwa pamoja na Fred Kubai, na Nairobi ikagoma. Makhan Singh alikaa kizuizini miaka 11. Kanuni ya tatu kwa tano haikuweza kuwatenga watu hawa.

JE, BILA WAO TUNGEKUWA NA RELI?

Sasa nayarudia maneno ya karakana: "Alituletea reli." Je, bila kutawaliwa tungeipata?

Jibu liko Japani. Japani haikutawaliwa na Wazungu. Reli yake ya kwanza, kutoka Tokyo mpaka Yokohama, ilifunguliwa mwaka 1872, miaka 24 kabla ya yetu kuanza. Walikopa fedha London. Waliajiri wahandisi Waingereza, wakawalipa vizuri, wakajifunza kwao, kisha wakawaaga. Mwingereza yule yule, chuma kile kile, lakini mwenye nyumba alikuwa Mjapani. Hakuchukuliwa ardhi kwa miaka 999, wala hakuvaa kibati shingoni. Kwa hiyo reli si zawadi ya ubeberu. Reli ni kazi ya mikono na akili, na inaweza kununuliwa kama vitu vingine. Ubeberu ni bei tuliyotozwa sisi, na bei ile haikuwa ya lazima.

Lakini jibu hilo lina makali pande zote mbili. Misri nayo ilikopa, na mkopo ukamla. Tofauti ya Misri na Japani haikuwa kukopa. Ilikuwa: nani anaujua mkataba, nani anajifunza kazi, na nani atakayelipa.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi tulio hai. Bendera ya mkoloni ilishushwa mwaka 1963. Mwaka 2017 njia mpya ya reli ilianza kupeleka abiria Mombasa na Nairobi, na sehemu kubwa ya fedha zake ni mkopo kutoka benki ya serikali ya China. Mikataba ilitiwa sahihi mwaka 2014. Wananchi wanaoulipa mkopo huo walionyeshwa sehemu tu ya mikataba hiyo mwezi wa Novemba 2022. Sisemi kwamba mkopo huu ni ubeberu. Mkopo si dhambi, na Mchina anayefanya kazi na sisi si adui yetu, kama vile yule Mpunjabi hakuwa adui wa babu zetu. Ninasema kwamba aliyeijua habari ya Ismail wa Misri hangoji miaka 8 ndipo aulize.

Basi naliomba tawi letu mambo matatu. La kwanza, mikataba yote inayohusu kazi yetu isomwe katika mikutano kwa Kiswahili, aya kwa aya, na asiyeelewa asione haya kuuliza. La pili, kila anapoletwa mtaalamu kutoka nje, chama kidai kwamba awe na mwenyeji anayejifunza kwake, na muda wa kumaliza kujifunza uandikwe. La tatu, tuikatae tatu kwa tano ya siku hizi. Mtu wa njia ya zamani na mtu wa njia mpya, kibarua wa mwezi na mwenye kazi ya kudumu, wakifanya kazi moja wawe na sauti moja katika chama hiki. Tukikubali kutengwa kwa mkataba, hatuna haki ya kuwacheka wazee waliotengwa kwa rangi.

Na mtu akikuambia tena kwamba mkoloni alituletea reli, usigombane naye. Mwulize kwa upole: alileta mikono ya nani, ikalazwa juu ya ardhi ya nani, ikalipwa kwa kodi ya nani? Akiisha kujibu, mkaribishe katika mkutano ujao.

Bwana Mwenyekiti, sina zaidi. Umoja ni nguvu.